Kisu cha springi kimekatika kama biskuti: kosa ni la jiko, la fuawe au la maji?

#1 Kichuguu
Habari wakuu.

Nina mwaka na nusu najifunza uhunzi jioni na Jumamosi, nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Si kazi inayonilisha, ni mapenzi tu. Babu mzaa mama alikuwa mhunzi, lakini nilimkuta mkono hauinui tena nyundo. Nilichorithi kwake ni maneno machache na koleo moja.

Jiko langu ni rimu ya pikapu. Ndani nimeikandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na jivu na mchanga, unene wa vidole vitatu. Chini kuna bomba la inchi 2 linaloleta upepo wa draya ya saluni iliyoungua koili ikabaki feni. Natumia mkaa huu huu wa kupikia. Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake, ni kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 8 nilichokizamisha kwenye gogo la mwembe.

Sasa kisa chenyewe. Nilinunua jani la springi ya nyuma ya pikapu kwa wauza chuma chakavu. Nikafua kisu cha sentimita 28, nikakinyoosha kwa grenda na tupa, nikakipasha mpaka rangi ya chungwa, nikakitia maji. Babu alikuwa akisema, "kisu kisichotiwa maji ni kijiko." Halafu nikakilaza kwenye majivu ya moto usiku kucha. Asubuhi tupa ilikuwa inateleza juu yake kama kwenye kioo, nikafurahi sana.

Kesho yake kikaanguka kutoka mezani hadi kwenye saruji. Vipande viwili, karibu na mpini. Palipokatika pana chembe zinazong'aa kama sukari, na ukingoni upande wa mgongo kuna doa jeusi, ukubwa wa punje ya mchele.

Siku kumi za jioni zimekwenda hivyo. Nataka kujua kosa langu kabla sijagusa chuma kingine. Naomba kuwasilisha.

#2 Siti ya Mbele
Nimeona "kufua" nikajua ni uzi wa sabuni na ndoo. Nimekaa, endeleeni.

#3 Grenda
Maji. Hakuna haja ya kwenda mbali. Springi haitiwi maji, inatiwa mafuta. Maji yanapoza ghafla mno, nje ya kisu inasinyaa na kukaza wakati ndani bado ni moto, basi kinapasuka. Nilivunja visu vitatu kabla ya kuelewa. Chukua mafuta ya alizeti lita tatu, yapashe moto kidogo yawe ya uvuguvugu mkali, kidole kisivumilie sana. Mafuta baridi ni mazito, hayakikumbatii kisu vizuri.

#4 Mwana wa Mhunzi
Grenda, mafuta ni sawa, ila usiseme babu yake alikosea.

Mimi ni wa Upare, ukoo wetu ni Washana, na jina lenyewe linatokana na kusana, yaani kufua chuma. Wazee wetu walitia maji kwa sababu chuma walichokuwa nacho kiliruhusu. Chuma kilichotoka kwenye tanuri zao kilikuwa laini, kaboni kidogo. Hata ukikitumbukiza kwenye maji baridi ya mto hakipasuki, na kisipopata maji hakikazi kabisa. Springi ya gari ni chuma kingine, kina kaboni kama asilimia 0.6 na manganizi na kromi juu yake. Neno la babu lilikuwa sahihi kwa chuma cha babu.

#5 Kichuguu
#4 umenigusa. Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwa hiyo "kutia maji" ni jina la kazi, si lazima yawe maji?

#6 Mwana wa Mhunzi
Ndiyo. Hata leo fundi akitumbukiza kwenye oili chafu husema amekitia maji. Jina limebaki, kimiminika kimebadilika.

#7 Beringi
Nafanya kazi gereji, springi nazijua kwa mgongo. Mimi doa jeusi ndilo limenikamata, kuliko hayo maji yenu.

Jani la springi limepigwa na barabara miaka. Lina nyufa ndogo ambazo jicho halioni, hasa kuzunguka tundu la bolti ya katikati na pale majani yanaposuguana. Ufa ukishaingia, kutu inaingia nao. Ukija kuvunja chuma baadaye, ile sehemu ya zamani inaonekana nyeusi au kahawia na sehemu mpya inang'aa. Doa lako ni ufa uliokuwepo kabla hujanunua. Je, mpini ulikuwa upande wa tundu?

#8 Kichuguu
Beringi, ndiyo. Tundu nilikata nikalitupa, mpini ukaanzia kama vidole viwili kutoka pale.

#9 Beringi
Basi mimi nimemaliza.

#10 Mkaa Mkavu
Hujamaliza mkuu. Kama ufa ulikuwepo, akaufua kutoka unene wa milimita 8 hadi 4, ule ufa ungevutika na kuwa mstari mrefu kufuata urefu wa kisu. Yeye anasema punje ya mchele ukingoni.

Halafu doa jeusi si lazima liwe kutu. Ufa ukifunguka wakati chuma kiko motoni, hewa inaingia na ndani panafanya gamba jeusi. Ukifunguka kwenye maji na kisha kisu kikapashwa tena kidogo, ndani panageuka rangi ya majani makavu au bluu. Kichuguu, ni jeusi la masizi, la kahawia au la bluu? Itazame mchana, si kwa tochi ya simu.

Na swali la pili: ulipasha saa ngapi?

#11 Kichuguu
Jeusi la kijivu, kama gamba linalodondoka kwenye fuawe. Si bluu. Kahawia pia siioni.

Nilipasha saa tisa alasiri, nje, chini ya mwembe.

#12 Mkaa Mkavu
Hapo ndipo penye kosa, na wote mmepita.

Rangi ya chungwa saa tisa alasiri si rangi ya chungwa ya usiku. Mwanga wa jua unameza wekundu. Chuma unachokiona chekundu hafifu juani, gizani kingeonekana karibu njano. Ulipoona chungwa, huenda ulikuwa nyuzi 1000 au zaidi, na springi inatakiwa itumbukizwe kwenye 830 hivi. Ukizidisha, chembe ndani ya chuma zinakua. Hiyo sukari uliyoiona ndiyo ushahidi. Chuma kilichotiwa maji vizuri kikivunjika ndani ni kijivu laini kama kitambaa cha mahameli, huoni chembe.

Tumia sumaku. Toa kwenye spika mbovu, ifunge kwenye waya. Chuma kikifika nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ukiona haishiki, ongeza moto kidogo tu, kivuli kimoja cha rangi, kisha tumbukiza. Na fanya kazi hiyo magharibi au ndani ya banda lenye giza. Wahunzi wa zamani walipenda giza, hawakuwa wanaficha uchawi.

#13 Nshomile
Na hii inanipa sababu ya kuwakumbusha kwamba sisi Wahaya tulikuwa tunatengeneza feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni, kabla ya dunia nzima, miaka 2000 iliyopita. Hizo nyuzi mnazohangaika nazo na draya, wazee wetu walizipata kwa mivukuto, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto.

#14 Siti ya Mbele
Nilikuwa nahesabu dakika Mhaya atatokea lini.

#15 Malungu
Nshomile, heshima yako, ila tuseme sawasawa.

Mtafiti wa mambo ya kale Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Buhaya miaka ya 1970, wakajenga tanuri na kuyeyusha tena kama zamani. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakachapisha makala kwenye jarida la Science. Walisema mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, kwa hiyo upepo ulipata joto kabla ya kufika kwenye moto, na kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa feleji. Masalia waliyochimba yalikuwa ya kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita. Hayo ni makubwa, hayahitaji kuongezwa. "Kabla ya dunia nzima" hawakusema, feleji ilikuwepo India na kwingineko pia. Na hilo la upepo kupata joto njiani, wataalamu wengine wamelipinga, ubishi upo hadi leo.

Kwetu Ufipa tulikuwa na jambo jingine. Tanuri la kwanza, ilungu, lilikuwa refu kama mita tatu na halikuwa na mvukuto hata mmoja. Urefu wake ulivuta upepo wenyewe kupitia matundu ya chini, kama dohani. Chuma kilichotoka humo kilikuwa kimejaa uchafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ikafanya kazi. Malungu ya udongo bado yamesimama porini Nkasi na Sumbawanga, mengine mvua imeyala.

Na udongo wake, Kichuguu, ulikuwa wa kichuguu. Jina lako ni sahihi.

#16 Kichuguu
Nashukuru sana Malungu. Udongo huo nilichagua kwa sababu babu alisema haupasuki motoni. Kwangu umepasuka mara moja tu, nilipowasha kabla haujakauka.

#17 Nshomile
Nimekubali kupunguza "dunia nzima". Feleji siipunguzi.

#18 Kamukunji Juu
Salaam kutoka Nairobi. Nimesoma yote. Naona watu wanazungumza moto na historia, fuawe hakuna anayeigusa, na kwangu fuawe ndiyo shida.

Kilo 8 ni ndogo kwa jani la springi. Ukipiga, nusu ya nguvu inakwenda kutikisa gogo. Unalazimika kupiga mara nyingi, chuma kinapoa, wekundu unaisha, na wewe unaendelea kwa sababu umbo limekaribia. Kupiga springi iliyopoteza wekundu ni kuipasua ndani. Sema kweli, ulipiga ikiwa nyeusi?

#19 Kichuguu
Nilipiga. Nilipokuwa nanyoosha mgongo, mara nyingi. Na kweli doa liko upande wa mgongo.

#20 Kamukunji Juu
Basi ndugu yangu.

#21 Grenda
Sasa tuna maji, ufa wa zamani, jua na fuawe. Bado mtu aseme amerogwa.

#22 Fundi Reli
Tafuta kipande cha reli. Reli ndiyo fuawe ya maskini duniani kote.

#23 Beringi
Fundi Reli, hapa utampeleka mwenzako polisi. Reli ni mali ya shirika. Ukikutwa nayo nyumbani kila mtu atauliza umeing'oa wapi, na hata ukiwa umeinunua kihalali uwe na karatasi. Usimshauri hivyo mtu anayejifunza.

#24 Kamukunji Juu
Nakubaliana na Beringi. Kwetu Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa sababu ya watu kuhujumu reli na nyaya na minara ya umeme. Baadaye mwaka huo huo ikafunguliwa kwa masharti, lakini kwa miezi ile sisi tunaotegemea chakavu tulikaa bure. Mimi sigusi reli.

Badala yake tafuta ekseli ya lori iliyovunjika. Kata kipande cha sentimita 50 au 60, ukisimamishe wima kwenye gogo au kwenye ndoo ya zege, upigie kwenye kichwa kile kipana chenye matundu ya bolti, au juu ya shafti yenyewe ukiwa na kazi ndogo. Uzito wote uko chini ya nyundo, hakuna unachopoteza. Uma wa folklifti uliochakaa nao ni mzuri sana, ni chuma kigumu tena kizito.

#25 Fundi Reli
Sikumaanisha aibe. Nilimaanisha kwamba hata reli watu wanailaza kama kwenye treni, wanapiga juu ya sehemu iliyo na ubavu mwembamba chini yake, inadunda kama kitanda. Reli ya ratili 80 kwa yadi ni karibu kilo 40 kwa mita. Ukikata nusu mita ukaisimamisha wima, una kilo 20 moja kwa moja chini ya nyundo. Kanuni ni hiyo hiyo ya ekseli ya Kamukunji. Kichwa cha nyundo chake nacho, kikizamishwa wima, si kibaya hivyo. Kilo 8 zikiwa wima zinashinda kilo 20 zilizolala.

Shida ninayoiona ni gogo la mwembe. Mwembe ni laini, unameza pigo. Tafuta mkwaju.

#26 Malungu
Wafipa walifua juu ya jiwe. Jiwe kubwa lililozama ardhini, na nyundo ya kwanza nayo jiwe. Halitikisiki kwa sababu dunia nzima iko chini yake. Ila mtu asiende kuokota jiwe la mtoni akaliweka karibu na moto, maji yaliyo ndani hulipasua na vipande vinaruka machoni.

#27 Dada Nyundo
Pima fuawe kwa gololi ya beringi, msibishane kwa maneno. Idondoshe kutoka sentimita 30. Ikirudi sentimita 24 au zaidi una fuawe nzuri. Ikirudi 15, uso wake ni laini au haujashikamana na gogo. Yangu ni ekseli, inarudi 22, na nimefulia juu yake majembe ya palizi manne na shoka moja.

#28 Siti ya Mbele
Dada, unafua mwenyewe au una kijana wa nyundo?

#29 Dada Nyundo
Nafua mwenyewe. Nyundo yangu ni ya kilo moja na robo. Nilianza na kilo mbili nikaumia kiwiko miezi miwili. Mgeni yeyote aanze na nyundo nyepesi, mwanamke au mwanamume.

#30 Mwana wa Mhunzi
Zamani kwetu mwanamke hakukaribia tanuri wakati wa kuyeyusha. Sisemi kwa kukukataza, naeleza tu.

#31 Dada Nyundo
Najua. Na kwa Wamaasai wahunzi wenyewe, Ilkunono, walitengwa, wengine hawakuwaozesha binti. Walihitaji mikuki yao na hawakutaka damu yao. Kila kabila lilimwogopa mtu anayelainisha chuma. Mimi nililelewa na shangazi aliyekuwa anauza mkaa. Mkaa ulikuwepo, chuma nikaokota, nikaanza. Hakuna aliyenitenga, wananiletea mapanga niwanolee.

#32 Mwana wa Mhunzi
Hapo umesema. Na kuna msemo, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hata watoto wetu wa kike walivukuta wakati wa kufua, tanuri la kuyeyushia ndilo lilikuwa na mwiko. Ugweno, huko huko Upare, kabla ukoo wa Wasuya haujachukua utawala, Washana ndio waliokuwa watawala, na nguvu yao ilikuwa chuma. Chuma hicho kilikwenda mpaka kwa Wachaga, wao walikuwa wafuaji hodari lakini madini hawakuwa nayo ya kutosha. Kwa hiyo suala la kutengwa halikuwa kila mahali. Kwetu mhunzi alikuwa mtawala.

#33 Ohio Kwetu
Niko Marekani, natumia jiko la gesi. Nawashauri muachane na mkaa, gesi moto wake unaujua, hauna moshi, unafungua na kufunga.

#34 Mkaa Mkavu
Ohio Kwetu, asante, ila kujaza mtungi kwa mtu wa kujifurahisha hapa si mchezo. Mkaa una sifa zake. Hauna salfa kama makaa ya mawe, na ukiujaza kina kirefu, chuma kikakaa juu ya pale hewa inapomalizika, hakifanyi magamba. Kosa la wengi ni draya. Ile feni inapuliza mno. Kichuguu ameiunganisha moja kwa moja, nadhani, bila kizuizi?

#35 Kichuguu
Bila kizuizi. Cheche zinaruka kama fataki.

#36 Mkaa Mkavu
Cheche za mkaa si tatizo. Cheche zikitoka kwenye chuma chenyewe, nyeupe, zenye matawi, hicho chuma kinaungua na hakirudi. Weka kipande cha bati cha kufunga na kufungua kwenye bomba. Upepo wa jiko dogo ni wa kupuliza chai, si wa kupuliza vumbi. Na jaza mkaa wa kina cha sentimita 15 juu ya tundu la hewa kabla hujaweka chuma.

#37 Fundi Reli
Bomba lako la hewa ni la aina gani? Kama ni yale meupe ya maji yaliyopakwa zinki, toa kesho asubuhi.

#38 Kichuguu
Ni hayo.

#39 Grenda
Toa. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, moto wako unapita hapo. Moshi mweupe ukiuvuta, usiku unapata homa na baridi kama malaria, na siku ya pili unapona ukasahau, ndiyo maana watu wanarudia. Nilipata mara moja. Watu walinipa maziwa.

#40 Dada Nyundo
Maziwa hayatibu kitu hapo, tusidanganyane. Mafundi wa kuchomelea wote wanaambiana maziwa. Dawa ni kutouvuta. Tumia bomba jeusi la chuma tupu, na mwenye kifua kibanacho asisubiri asubuhi, aende hospitali.

#41 Kichuguu
Nimelitoa leo. Nashukuru sana, hili lingeniua kimya kimya.

#42 Beringi
Turudi kwenye kisu. Kuna jambo moja hamkuligusa. Alisema asubuhi tupa ilikuwa inateleza. Hiyo si furaha, hiyo ni hatari. Kisu kilichotoka kwenye maji ni kigumu kama kioo. Unatakiwa ukipashe tena kidogo, nyuzi 200 hivi kwa saa nzima au mbili, ugumu upungue kiasi na ustahimilivu urudi. Tupa bado inateleza vile vile asubuhi, maana yake majivu hayakufika joto hilo. Yalipoa mapema. Kwa hiyo hata kama hakukuwa na ufa, kisu kile kilikuwa glasi.

#43 Grenda
Beringi sasa ana sababu mbili.

#44 Beringi
Ninazo. Gari nalo huja gereji na ugonjwa zaidi ya mmoja.

#45 Mkaa Mkavu
Hilo la majivu naliunga mkono. Tumia oveni ya umeme jikoni kama ipo, au sufuria ya mchanga juu ya jiko na kipimajoto. Kisafishe kisu kwa msasa king'ae, usubiri rangi ya majani makavu itokee. Ikifika bluu umepita, hiyo ni ya springi tena.

Pia kuna anayesema springi zote ni "5160", namba ya chuma cha springi cha Marekani, kwa sababu ameona kwenye video za huko, lakini magari yetu mengi ni ya Kijapani. Springi zao zinaandikwa kwa namba nyingine, SUP9 na nyinginezo. SUP9 inafanana na hiyo ya Marekani, lakini SUP7 ina silikoni nyingi, karibu asilimia mbili, na haina kromi. Jani usilolijua lifanyie majaribio kwanza kwa kipande kidogo.

#46 Kichuguu
Wakuu, nimewasikia wote, na siwezi kuchagua kwa kusoma tu. Jani lile lile limebaki sentimita 40. Nitakata vipande na kuvivunja kimoja kimoja. Nipeni wiki.

#47 Siti ya Mbele
Tupo. Lete picha.

#48 Kichuguu
Nimerudi. Imechukua siku kumi na moja. Nimefunga kizuizi kwenye draya, bomba jipya jeusi, gogo la mkwaju nimelipata kwa jirani. Gololi inarudi sentimita 20, ilikuwa 16.

Vipande ni vitano. Nilivivunja kwenye vaisi, navuta kwa bomba refu, nimevaa miwani.

A: chungwa saa tisa juani, kwenye maji. Nilisikia "tik" kikiwa bado ndani ya ndoo. Ufa ulionekana kwa macho.

B: chungwa saa tisa juani, kwenye mafuta ya alizeti. Hakikupasuka. Kwenye vaisi kilikatika bila kupinda, ndani sukari ile ile.

C: usiku, kwa sumaku. Kwanza nilikipasha mara tatu mpaka sumaku isishike na kukiacha kipoe hewani. Kisha mafuta, halafu oveni nyuzi 200 saa moja, mara mbili. Mke wangu ameniruhusu oveni kwa masharti. Hiki kilipinda karibu nyuzi 30 ndipo kikakatika. Ndani kijivu laini, kama alivyosema Mkaa Mkavu.

D: kila kitu kama C, ila nilikitia maji badala ya mafuta, maji ya vuguvugu. Hakikupasuka. Kilipinda kidogo kuliko C kisha kikakatika, ndani laini.

E: kama C kabisa, ila kipande kilitoka upande wa tundu la bolti. Kilikatika mapema, hakikupinda, na ukingoni kuna doa la kahawia.

#49 Grenda
A imenithibitisha. Maji yamepasua, umesikia kwa sikio lako.

#50 Mwana wa Mhunzi
Na D imemthibitisha babu. Maji, na hakikupasuka.

#51 Beringi
E. Doa lile lile, upande ule ule.

#52 Mkaa Mkavu
Doa la E ni la kahawia. La kisu lilikuwa jeusi. Hayo si madoa yale yale, Beringi. Na B inaonyesha kwamba hata bila maji jua lilishakiharibu.

#53 Kamukunji Juu
Hakuna hata kimoja alichokipiga kikiwa kimepoa, kwa hiyo yangu haijajaribiwa.

#54 Dada Nyundo
Kichuguu, kazi nzuri sana, kwanza nikupongeze kwa dhati. Watu wazima huwa wanabishana mwaka bila kuvunja hata kipande kimoja. Swali: A na D vilikuwa na unene sawa? Kipande chembamba na kinene havipoi sawa.

#55 Kichuguu
Sikupima kabla. Nimepima sasa kwenye mabaki. A milimita 4, D karibu milimita 6.

#56 Grenda
Aaaah.

#57 Mwana wa Mhunzi
Kinene ndicho kingepasuka zaidi kwenye maji, si chembamba. Ndani yake panachelewa kupoa. Kwa hiyo bado D iko upande wangu.

#58 Mkaa Mkavu
Au kinene hakikupoa upesi kiasi cha kukaza mpaka ndani, ndiyo maana kikapona. Ulipitisha tupa juu ya D kabla ya oveni?

#59 Kichuguu
Sikupitisha. Nimebakiza jani la pili kutoka kwenye gari lile lile, refu kuliko la kwanza. Nitakata A na D upya, milimita 4 zote mbili, tupa kabla na baada, na kimoja nitakipiga mpaka kiwe cheusi kwa ajili ya Kamukunji. Nawasha kesho magharibi.